Kila Kinachofuata Lori

Ilitangazwa rasmi, kabla tu ya taarifa ya habari, kwamba ajali za matela zimefutwa nchini. Hazikupunguzwa wala kudhibitiwa. Zilifutwa. Mwananchi atakayeona tela limelala mtaroni na magurudumu yakitazama juu aliombwa asitaharuki, kwa sababu alichokiona kitakuwa ni jambo jingine, na jambo hilo jingine lina idara yake.

Tangazo hilo lilitungwa na Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Usalama wa Vitu Vinavyovutwa. Aliposikia maneno yake yakisomwa redioni alisimama katikati ya sebule, kijiko mkononi, kifua mbele.

"Kaa ule, chakula kinapoa," mkewe alimwambia. "Na wewe je, Baba Watoto? Wanafuta ajali, neno lako la mbele watalifuta lini?"

Neno la mbele lilikuwa ni hilo hilo, Kaimu. Mkurugenzi wa zamani alikwenda kwenye semina ughaibuni, semina ikampenda, naye akaipenda, hakurudi. Ofisi haiwezi kukaa bila kichwa, kwa hiyo bwana huyu aliambiwa akishikilie kiti kwa muda mfupi. Alikishikilia. Watoto wake walizaliwa akiwa amekishikilia, wakaanza shule, wakaulizwa baba yenu anafanya kazi gani, wakajibu anakaimu. Mama mkwe wake kila alipokuja alimuuliza kwa sauti ya chini, kama anavyoulizwa mgonjwa, "Bado unakaimu, mwanangu?" Naye humjibu, "Bado, mama." Basi mama mkwe humshika bega. "Pole, baba. Mungu atafungua."

Safari hii ilielekea Mungu ameshika ufunguo. Mheshimiwa Waziri alikuwa ametamka mbele ya wakuu wote wa idara, na chai ikiwa mezani, hivyo lilikuwa tamko halali: "Niendeshee mafunzo ya madereva wa matela mpaka mwisho bila ajali hata moja, nami nitakuja mwenyewe na bisibisi, niling'oe hilo Kaimu mlangoni kwako." Fundi akachonga kibao kipya cha mbao ngumu, kirefu kama meza ya kupigia pasi, kimeandikwa MKURUGENZI kwa herufi za shaba. Kiliwekwa kwenye buti la gari la Mheshimiwa, kikisubiri siku ya kufunga mafunzo. Kaimu alikuwa ameruhusiwa kukiona mara moja. Alikipapasa, akajikuta machozi yanamlenga, akasingizia vumbi.

Kwa hiyo mafunzo yalianza kwa umakini ambao haujawahi kuonekana katika sekta ya uvutaji.

Madereva waliokuja walikuwa wale wanaovuta mitambo ya barabara: magreda, matingatinga, mashine za kushindilia, vitu vizito ambavyo haviwezi kujipeleka vyenyewe kazini na hupandishwa kwenye tela refu kama wagonjwa. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya honi, wenzake wakimwita Mama Gia. Pembeni yake alikaa dereva mwembamba anayechechemea, aliyepewa jina la Nusutairi na watu ambao eti walikuwa wanampenda.

"Bosi," alisema Mama Gia kabla hata hajakaribishwa, "sisi shida yetu si kubwa. Breki za matela hazishiki. Ukikanyaga, lori linasimama, tela linauliza, kwani kuna nini? Halafu minyororo ya usalama hatuna. Tunafungia kamba. Hata mbuzi anafungwa vizuri kuliko greda la serikali. Huyu mwenzetu unayemwona, tela lilichomoka kwenye kilima cha Wizara, likarudi nyuma, likamkuta anaweka jiwe. Mguu ule ulikuwa mzima."

Nusutairi aliunyoosha mguu ili kikao kiuone.

Kaimu aliguswa. Alitikisa kichwa kwa muda unaotakiwa. Kisha akasema, "Hoja imepokelewa."

"Sasa ikishapokelewa inakwenda wapi?" aliuliza Nusutairi.

"Inaundiwa kamati."

Na asije mtu akasema kamati haikufanya kazi. Ilipitia ajali zote za miaka ya karibuni, ikagundua jambo ambalo wataalamu wa mataifa makubwa walikuwa wamelipita bila kuliona: katika kila ajali ya tela, tela lilikuwepo. Halikukosekana hata mara moja. Mapendekezo yalijiandika yenyewe. Matela yaliondolewa kwenye mafunzo.

Asiye na mwana aeleke jiwe. Madereva waligawanywa wawili wawili ukumbini, mmoja akawa lori na mwenzake akawa tela, tela likishika mkanda wa suruali wa lori. Walizunguka ukumbi hivyo asubuhi na jioni, wakipiga kona kwenye viti, wakipunguza mwendo kwenye mlango wa choo. Aliyekuwa tela alitakiwa kunyamaza, maana matela hayasemi. Mama Gia, ambaye kwa umbo lake alipangwa kila siku kuwa tela lenye mzigo, bila kukusudia alimvuta lori wake mpaka mwenzake akavuliwa suruali, na tukio hilo kamati ililiorodhesha kuwa hitilafu ya kiungio.

Kuhusu minyororo, isemwe kweli: ilinunuliwa. Iliwasili ikiwa mipya, minene, inameremeta, ikapakwa rangi za bendera na kutundikwa ukutani ukumbini chini ya maandishi yasemayo USIGUSE. Madereva walipita chini yake kila siku wakishikana mikanda. Nusutairi alizoea kusimama hapo wakati wa mapumziko, anaitazama tu, mikono nyuma.

Lakini kilele cha kazi ya Kaimu kilikuwa Mwongozo. Na kitovu cha Mwongozo kilikuwa maana ya tela. Zamani kila mtu alijisemea tu tela ni nini, na matokeo yake vitu vingi vilivutwa bila kujulikana kisheria. Kaimu alijifungia ofisini, akaandika, akafuta, akaandika tena, mpaka akaipata: "Tela ni kila kinachofuata lori la kazi barabarani, kiwe kimefungwa au hakijafungwa, kwa hiari yake au bila hiari." Haikuacha mwanya hata wa sisimizi. Chini yake yakafuata masharti. Kila tela lifungwe mnyororo na kitambaa chekundu. Ni marufuku mtu kukaa ndani ya tela. Tela la mwisho libebe kibao kinachosomeka kwa mbali. Mtu mwenye bendera atangulie mbele kwa miguu, msafara usimpite. Na tela likiacha msafara kabla ya kufika, hilo limechomoka, na kuchomoka ni ajali. Dereva atakayevuta kitu kisichofungwa anyang'anywe kibali cha kazi.

Masharti hayo hayakubaki karatasini. Siku ya mtihani Nusutairi alizungusha lori tupu uwanjani, lori peke yake, polepole, akanyoosha mkono kila kona kama alivyofundishwa. Kaimu akapuliza filimbi.

"Nyuma yako kuna nini?"

Nusutairi akachungulia. "Hakuna kitu, bosi. Labda mbwa wa mlinzi."

"Anafanya nini?"

"Anafuata lori. Kwani mbwa hufanya nini?"

"Amefungwa?"

"Bosi."

"Nauliza, amefungwa?"

"Hajafungwa."

"Basi umevuta tela ambalo halijafungwa. Umeanguka. Lete kibali."

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Kibali kilipoingia mfukoni mwa Kaimu waliacha kucheka. Nusutairi ana watoto, ana mama anayemtegemea, na bila kibali hicho hakuna lori la kazi litakalomfungulia mlango. Mama Gia alimuombea, akabembeleza, mwisho Kaimu akaridhia mtihani urudiwe kwa kufuata utaratibu. Mbwa akafungwa mnyororo nyuma ya lori. Akafungwa kitambaa chekundu mkiani. Mlinzi akatangulia na bendera, lori likafuata, mbwa akafuata lori akiwa na sura ya kusikitikia binadamu. Nusutairi akafaulu. Mbwa hakupewa cheti, lakini tangu siku hiyo akisikia mngurumo wa lori huingia chini ya benchi la mlinzi na kufumba macho, jambo ambalo idara ililihesabu kama mafanikio.

Mama Gia alikuwa ameliangalia zoezi zima mikono kiunoni.

"Bosi, nielewe vizuri, mimi kichwa changu kizito. Kila kinachofuata lori?"

"Kila."

"Hata kikiwa mtu?"

"Mwongozo hauchagui."

"Hata akiwa mtu mkubwa?"

Kaimu alitabasamu. Alipenda wanafunzi wanaouliza. "Mama, tela kubwa linahitaji mnyororo mkubwa," alisema. Kauli hiyo ilimpendeza mwenyewe hadi akairudia nyumbani wakati wa kula. Mkewe alimwangalia.

"Hebu niambie, Baba Watoto, wewe huwa unatembea wapi ukiwa na Waziri?"

"Nyuma yake. Ndiyo itifaki."

"Haya. Ongeza mchuzi," alisema mkewe.

Siku ya kufunga mafunzo ikafika bila ajali hata moja. Uwanja ulipambwa. Mheshimiwa Waziri alishuka kwenye gari lake jeusi refu, akawapungia waandishi, na wapiga picha wa televisheni wakaanza kurusha moja kwa moja kutoka kwenye gari dogo la wazi. Hotuba yake ilikuwa ya moto. "Sheria ni msumeno," alinguruma, "hukata mbele na nyuma! Dereva akiona haya, akamwogopa mtu, akaacha kufunga kinachotakiwa kufungwa, huyo namwachisha kazi leo leo, mbele ya kamera hizi! Liwe tela la mdogo, liwe tela la mkubwa, fungeni!" Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mama Gia.

Kilichobaki kilikuwa maonyesho. Wananchi walipaswa kuona kwa macho tela la kweli, limebeba greda la kweli, likivutwa kutoka uwanjani hadi Wizarani. Kwa ajili hiyo minyororo ilishushwa ukutani kwa mara ya kwanza, na Nusutairi akapewa kazi ya kuibeba. Mama Gia akapewa usukani. Mlinzi akapewa bendera. Lilibaki swali moja tu, gari la Mheshimiwa likae wapi.

Mpiga picha wa Wizara alilimaliza. "Mheshimiwa, ukitangulia, picha itaonyesha unakimbia greda. Ukikaa nyuma, itaonekana unayasukuma maendeleo."

"Umesema neno," alisema Mheshimiwa. "Nyuma."

Kaimu akaingia garini, akakaa pembeni ya Mheshimiwa. Akafunga mkanda.

Msafara ukatoka. Mbele mlinzi na bendera yake, anatembea kwa hatua za mtu aliyelipwa kwa siku na si kwa umbali. Nyuma yake lori, nyuma ya lori tela na greda lake la manjano, nyuma ya tela gari jeusi la Mheshimiwa. Pembeni, kamera. Mbwa wa mlinzi alibaki chini ya benchi. Walipofika barabara kuu, mbele ya kituo cha mafuta, lori likasimama. Mama Gia akashuka, akaja nyuma akifuta mikono, akatazama gari jeusi kwa masikitiko. Nusutairi alimfuata na minyororo begani.

Kioo kikashuka.

"Kuna nini, mama?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani sana kwa usumbufu. Nimetazama kwenye kioo nikaona kuna tela linanifuata halijafungwa. Nimeogopa kuachishwa kazi."

"Tela lipi?"

"Hilo ulilokalia, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alicheka. Waandishi wakacheka. Mama Gia hakucheka, na kicheko kikaanza kukauka kwenye meno. Mheshimiwa akamgeukia Kaimu amalize upuuzi ule.

Hapa Kaimu alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba maana ya tela ni ya kipuuzi, na hapo Mwongozo wote ungeanguka, na mafunzo pamoja nao, na kibao kilichokuwa ndani ya buti, hatua chache nyuma ya mgongo wake, kingerudi kwa fundi kikageuzwa ubao wa kukatia nyama. Au angeweza kuutetea Mwongozo wake. Alikifikiria kibao kile. Alimfikiria mama mkwe wake.

"Mheshimiwa," alisema, "kitaalamu, linafuata."

Kamera ilikuwa imesogea dirishani. Maneno ya msumeno yalikuwa bado yanarudiwa kwenye redio ya kituo cha mafuta. Mheshimiwa alivaa tabasamu la mtu anayedungwa sindano mbele ya watoto. "Fungeni, fungeni! Nimesema mimi mwenyewe. Wananchi mmeona?"

Nusutairi akapiga goti lililo zima, akafunga. Alipitisha mnyororo, akauvuta, akaufungua, akaufunga upya, akautikisa kwa mikono miwili mpaka aliporidhika. Hakuwa anafanya dhihaka wakati ule. Mtu aliyewahi kuona tela likija juu yake hafungi kwa haraka. Alipomaliza alikunja ile bendera ndogo ya cheo iliyokuwa mbele ya gari, akaifuta vumbi kwa heshima, akamkabidhi mwenyewe, na pale pale kwenye mlingoti wake akafunga kitambaa chekundu.

"Sasa twende!" alisema Mheshimiwa.

"Tutakwenda, ila mtashuka," alisema Mama Gia. "Marufuku mtu kukaa ndani ya tela."

Dereva wa Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kushuka. Alizima gari, akaliacha bila gia, akavuka mtaro na kusimama ng'ambo akitazama upande mwingine. "Mimi hapa sifuati kitu," aliwaambia waandishi bila kuulizwa. "Nasubiri basi."

Mheshimiwa naye akashuka, na Kaimu akashuka, wakasimama nyuma ya gari jeusi ambalo lilikuwa nyuma ya tela ambalo lilikuwa nyuma ya lori. Jua lilikuwa kali. Mheshimiwa akatoa simu aite gari jingine.

"Mheshimiwa, usiondoke," Kaimu alinong'ona.

"Nisiondoke nini? Mimi natembea kwa miguu?"

"Ukiondoka kwenye msafara kabla ya kufika, itahesabika umechomoka."

"Nimechomoka? Kwani mimi ni tela?"

"Umesimama nyuma ya lori, Mheshimiwa. Lori likiondoka na wewe ukiwa hapo, unafuata. Usipofuata, umechomoka. Na kuchomoka ni ajali. Na sisi ajali tumezifuta. Ilitangazwa."

Mheshimiwa aliitazama kamera, na kamera ikamtazama yeye. Aliyaona magazeti ya kesho. Waziri achomoka. Ajali ya kwanza tangu ajali zifutwe, na jina lake ndani yake. Akairudisha simu mfukoni, akainua mikono kidogo kama mtu anayepimwa na fundi cherehani.

"Fungeni," alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mnyororo ulipita kiunoni juu ya suti. Kitambaa chekundu kikafungwa nyuma ya koti. Mama Gia alikiweka sawa, akakipigapiga kwa upole wa mama anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza. Kisha akamwona Kaimu, hatua moja nyuma, mahali itifaki inapomtaka awe.

"Na huyu?"

Kaimu alianza kurudi kinyumenyume.

"Huyu hunifuata mimi kila siku," alisema Mheshimiwa. "Mfungeni."

"Tela kubwa, mnyororo mkubwa," alisema Mama Gia, akamchagulia mdogo. Nusutairi alimfunga kwa uangalifu ule ule, akautikisa mnyororo mara ya mwisho, akasimama mbele yake akiwa amenyoosha kiganja. Kaimu hakuhitaji kuulizwa. Alitia mkono mfukoni akakitoa kibali chake, akakuta kuna na vibali vya watu wengine aliowaangusha, akavitoa vyote.

"Bado kibao," alisema Nusutairi. "Tela la mwisho linatakiwa kibao kinachosomeka kwa mbali."

Kibao cha onyo hakikununuliwa. Fungu lake lilikuwa limetumika kwenye mapambo. Madereva walitazamana, wakatikisa vichwa, maana bila kibao msafara hauendi. Ndipo uso wa Mheshimiwa ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu ashuke.

"Kibao kipo," alisema. "Kwenye buti. Na bisibisi ipo."

Alikitundika kwa mikono yake mwenyewe kama alivyoahidi. Alipitisha kipande cha kamba kwenye mashimo ya skurubu, akakitia shingoni mwa Kaimu, akakizungusha mpaka kikatulia mgongoni. Kilikuwa kizito. "Hongera," alisema kwa meno yaliyofumbana. "Kuanzia leo umethibitishwa." Waandishi wakapiga picha.

Msafara ukaendelea. Kwa mwendo wa mlinzi, mji mzima ulipata nafasi ya kusoma. Mafundi waliacha magari yamefunguliwa matumbo, wauza duka wakatoka barazani, na watu ambao hawakuwahi kuelewa idara ile inafanya nini walielewa mara moja. Wengine walitaka kufuata kwa nyuma wacheke vizuri. Mama Gia akawapigia honi na kuonyesha minyororo iliyobaki, wakarudi pembeni haraka.

Wizara iko juu ya kilima, kama wizara nyingi zinavyopenda. Pale chini, mahali barabara inapoanza kuinuka, mke wa yule aliyekuwa Kaimu alisimama na mama yake, wamevaa nguo mpya, wamekuja kushuhudia. Waliona bendera ikipita. Likapita lori, likapita greda juu ya tela, likapita gari jeusi lenye kitambaa. Akapita Mheshimiwa, akiwasalimia wananchi kwa mkono usiokuwa na pa kwenda. Kisha lori likasimama libadilishe gia, na mbele yao akasimama yeye, jasho likimtiririka, anatazama chini.

Mama mkwe alisogea, akazunguka nyuma yake, akasoma polepole kwa kidole. "M-ku-ru-ge-nzi." Akashika moyo. "Si nilikuambia, mwanangu? Mungu kafungua."

"Kafungua, mama," alisema mkewe, "ila wenzake wamefunga."

"Mama Watoto," alisema Mkurugenzi. "Njoo tupande wote. Nisaidie kushika hiki kibao."

Mkewe alimwangalia kwa huruma, maana alimpenda. Akamfuta jasho la kipaji kwa ncha ya mtandio wake. Halafu akarudi nyuma hatua mbili nzima, mpaka kando ya barabara.

"Nikikufuata nitakuwa tela, mume wangu. Umeandika mwenyewe. Nenda baba. Ukifunguliwa utanikuta nyumbani."

Mheshimiwa hakusikia hayo. Alikuwa amenyanyua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatazama mbele yake kilipokuwa kilima, na juu ya gari lake, kama nyumba ya manjano, lilikuwa limeegemea greda. Nusutairi alikuwa amesimama pembeni, si nyuma, ameshika jiwe.

"Mama," Mheshimiwa aliita. "Mama dereva! Hilo tela... breki zake zinashika?"

Mama Gia alitoa kichwa dirishani.

"Hilo ndilo tulilokuja kuuliza siku ya kwanza, Mheshimiwa."

Akarudisha kichwa, akaingiza gia, na lori likaanza kupanda. Nyuma, Waziri na Mkurugenzi wake walipanda wakiwa wametega masikio kwenye vyuma vile, ambavyo vililia kila hatua. Mheshimiwa alitoa simu kwa vidole vinavyoteleza, akapiga Wizarani kwake, ofisi ya ununuzi, akapiga kelele ambazo hakuna hotuba yake iliyowahi kuzifikia. Alitaka breki mpya za matela. Alizitaka sasa hivi, si mwaka ujao wa fedha, sasa hivi, kabla hajafika nusu ya mlima, kwa ajili ya Mungu!

Upande wa pili ulisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hoja imepokelewa, Mheshimiwa," sauti ilijibu. "Tunaiundia kamati."

Na pale juu yao, tela likarudi nyuma kidogo.